Kura Nilizoahidi Kutozihesabu

Jumamosi, tarehe 9 Oktoba 2004. Manyunyu tangu asubuhi, mawingu mchana kutwa, upepo wa baridi kutoka upande wa Ngong.

Hayo ndiyo maneno yote niliyoyaandika siku ile, mimi ambaye kwa kawaida huwa siachi ukurasa na nafasi. Daftari lenyewe nimelitoa sandukuni juzi, tuliporudi kutoka kumzika Njuguna kwao Waithaka. Nilitaka kuona nilisema nini juu ya siku ile, nikakuta nimesema habari ya mvua. Kule mazishini Kioko alipewa nafasi ya kuzungumza kwa niaba ya marafiki. Sasa ana mvi na tumbo, lakini ulimi ni uleule. Aliwaeleza waombolezaji jinsi sisi tulivyokuwa tukikutana kila Jumamosi kuifundisha kompyuta Kiswahili, bila mshahara wala asante, na jinsi Njuguna alivyoshindwa uchaguzi wetu akakubali kama mwanamume. Kisha akaninyooshea kidole pale nilipokaa kwenye kiti cha plastiki, akasema kwamba katika maisha yake ameona uchaguzi mmoja tu ulio safi, na uliendeshwa na mama yule pale. Watu wakacheka, wakageuka kunitazama. Achieng, aliyekaa kando yangu, akanipigapiga goti. Mimi nikalitazama jeneza. Mtu mwingine pekee aliyejua kwamba Kioko anakosea alikuwa ndani yake.

Mimi si mwandishi. Shule niliiachia kidato cha pili, na kila nikiandika sentensi ndefu huwa nahisi kuna mtu nyuma yangu na kalamu nyekundu. Lakini mambo ya mwaka ule hayana mwingine wa kuyasema, na nitajaribu kumtendea kila mmoja haki, nikiwamo mimi, ingawa hapo ndipo sijiamini.

Nilikuwa na miaka thelathini. Kazi yangu ilikuwa kupanga maandishi katika duka la uchapaji karibu na River Road: kadi za harusi, vitabu vya risiti, ratiba za mazishi. Duka lilikuwa chini, na ghorofa ya pili palikuwa na saiba, mahali pa kulipia intaneti, ya kompyuta nane, mbili zikiwa mbovu siku zote. Jumamosi saa nane mwenye saiba aliwafungia wateja mlango na kuwaachia watu wa Mradi chumba hadi jioni, kwa sababu mpwa wake alikuwa mmoja wao. Mradi ndivyo tulivyouita, basi. Walikuwa wakiitafsiri programu ya kuandikia, ile ya bure ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha, ili mtu wa Kiswahili akiiwasha aone Hifadhi na Chapisha na Futa badala ya Kizungu. Kioko alishuka siku moja kutuuliza kama kuna mtu anayejua tahajia. Mwenye duka akanielekeza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemzuia mara nyingi asiharibu kadi za watu. Nikapanda kule juu na kikombe changu cha chai, na kwa miaka mingi sikushuka. Kioko alinifundisha kila kitu, hata namna ya kushika kipanya, na hakuwahi kunicheka. Aliniita mwiitu wa kwitu, yaani binti wa kwetu, maana sote tulikuwa Wakamba wa Machakos. Wengine walilisikia jina hilo na kulihifadhi kichwani, kama watu wa nchi hii tunavyohifadhi.

Aliyeuanzisha Mradi alipata nafasi ya kusoma ng'ambo mwezi wa saba, akatuandikia barua pepe fupi kwamba tumchague kiongozi. Walijitokeza watatu. Wa kwanza Njuguna. Huyu alikuwa ametafsiri zaidi ya sisi wote, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Alimaliza chuo miaka miwili kabla, na alikuwa na shati moja la mahojiano, la samawati, ambalo mama yake alilipiga pasi kila Jumapili iwe kuna mahojiano au hakuna. Ofisi moja ya Kilimani ilikuwa imemwambia kwamba kama angekuwa ameongoza kitu chochote, hata kikundi, wangemfikiria. Wa pili Kioko, ambaye aliijua kompyuta kuliko wote na alikuwa na tabia ya kumaliza sentensi za watu. Wa tatu Achieng. Achieng alikuwa na kazi nzuri hukohuko Kilimani, alikuja na gari dogo jeupe, na aliwahi kuniuliza mbele ya watu kama nimesoma hadi wapi. Hakuuliza kwa ubaya, nimekuja kujua. Alitaka kujua nani anaweza kujaribu programu kwa niaba ya watu wasio na shule. Lakini wakati ule swali hilo lilinichoma, na kila mtu aliona limenichoma.

Sasa tuchague vipi? Tulibishana Jumamosi mbili. Mmoja alisema tupange mstari, kila mtu nyuma ya mtu wake, tumalize twende nyumbani, na wale waliokuwa watu wazima enzi za mlolongo, wananchi walipopiga kura kwa kupanga mstari na mwenye mstari mfupi akatangazwa mshindi, wakasema afadhali Mradi ufe. Njuguna alitaka tiki moja, mwenye tiki nyingi ndiye. Kioko alitaka mtoano: kila mtu awapange wote watatu, wa kwanza hadi wa tatu, mwenye wafuasi wachache atolewe, kura zake ziende kwa yule aliyepangwa wa pili. Achieng alisoma mahali kuhusu njia ya tatu, karatasi ni zilezile za kupanga watatu lakini kila mtu anacheza na kila mtu kama ligi, na anayewashinda wote mmojammoja ndiye kiongozi. Kila mmoja aliapa kwamba njia yake ndiyo ya haki. Mwishowe wakasema njia ichaguliwe na mtu asiyegombea, na mtu huyo asipige kura. Wakanitazama. Nilisema mimi sijasoma mambo hayo. Kioko akasema, "Ndiyo maana. Waliosoma tumeshindwa."

Nilikuwa nikiishi Waithaka, katika chumba cha mabati kwenye ploti ya Mama Njuguna. Chumba kilishikana na jikoni yao, na ukuta wenyewe ulikuwa mbao na magazeti. Nilikuwa mpangaji kwa jina tu. Jioni nililetewa kikombe cha uji au niliitwa mezani, na Jumapili niliitwa bila kukosa. Kikikuyu nilikuwa nimekiokota kiasi cha kuelewa lakini si cha kujibu, na nadhani Mama Njuguna alisahau hivyo, au hakusahau. Jioni ile niliyopewa kazi ya kuchagua njia, nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimwambia mwanawe kwamba Mungu ana njia zake, kwamba yule msichana anakula hapa, na mtu hasahau sufuria inayomlisha. Njuguna akamwambia amwache Mwende na kazi yake. Nikasikia kijiko kikikwangua sufuria. Nilikaa kitandani na viatu miguuni. Nilikuwa sijafanya kosa lolote bado, na tayari nilihisi nimefungiwa.

Kosa lilitokana na kazi yangu. Katika uchapaji huwashi mashine kabla ya prufu, ile karatasi ya kwanza unayompa mteja aisome, aone kama jina la bibi harusi limeandikwa sawa. Mimi sikujua kuendesha jambo lolote bila prufu. Kwa hiyo nilitengeneza fomu ya kura, nikaichapa kwenye vipande vilivyobaki vya kadi za harusi, vya rangi ya waridi, nikawapa watu wote kumi na watano ili tuone kama inaeleweka kuandika moja, mbili, tatu mbele ya majina. Nilipaswa kuweka majina ya matunda. Au ya timu za mpira. Niliweka majina yao wenyewe, kwa sababu prufu ya kadi ya harusi huwa na jina la bibi harusi mwenyewe, si la mtu mwingine. Nikawaambia hizi si kura, naangalia tu kama mmeielewa fomu, sitazihesabu, kisha nitazichoma. Njuguna akatania kwamba basi atajiweka wa tatu ajione mnyenyekevu. Wakaandika wakicheka, na kwa kuwa haikuwa na maana, wakaandika ukweli.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha mchana kutwa. Nilikaa chumbani nikizipitia zile karatasi, fomu zote zimeeleweka, hakuna aliyekosea hata mmoja. Kazi ilikuwa imekwisha. Jiko la makaa lilikuwa pale mlangoni, linawaka. Sijui kwa nini sikuzitia. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu la karibu na ukweli ni kwamba mkono wangu umezoea kupanga karatasi mafungu mafungu, na ulipanga. Sita walimweka Njuguna wa kwanza, Achieng wa pili, Kioko wa mwisho. Watano walimweka Kioko wa kwanza, Achieng wa pili, Njuguna wa mwisho. Wanne walimweka Achieng wa kwanza, Kioko wa pili, Njuguna wa mwisho. Nikachukua kadi moja iliyoharibika nikaandika nyuma yake. Kwa tiki moja, Njuguna ana sita, ameshinda. Kwa mtoano, Achieng anatoka, wanne wake wanakwenda kwa Kioko, Kioko ana tisa, ameshinda. Kwa ligi, Achieng anampiga Njuguna tisa kwa sita na anampiga Kioko kumi kwa tano, ameshinda. Nikahesabu tena, nikidhani ni shule yangu ndogo. Haikuwa shule yangu. Watu walewale, karatasi zilezile, na njia yoyote nitakayoitaja Jumamosi itakuwa ni jina la mtu.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa, na Njuguna akaingiza kichwa kuniita chai. Kadi ilikuwa juu ya meza, maandishi juu. Mimi huandika herufi kubwa, ndiyo desturi ya duka. Alisoma. Naye hakuwa mtu wa kusoma haraka. Nilimwona akifika mwisho na kurudi mwanzo.

"Chai iko tayari," akasema.

Nilizitia zote kwenye lile jiko la makaa baada ya hapo, na kadi pia, na chumba kikajaa moshi wa rangi ya kadi za harusi ambao hata leo nikiunusa naumwa na kichwa. Kesho yake asubuhi alinikuta kwenye tangi la maji.

"Ulisema hutahesabu," akasema.

"Nilihesabu."

Alijaza ndoo yake hadi juu kabla ya kusema tena. "Basi usiniambie utachagua gani. Na mimi sijaona kitu."

Tangu siku ile hakuitaja tena tiki moja. Yeye ndiye aliyekuwa akiipigia kelele kuliko wote, na sasa akiulizwa alisema njia zote ni njia. Wengine wakadhani amekata tamaa. Jumamosi iliyofuata Kioko alimtania, "Bwana Njuguna, hata kampeni umeacha? Ama mama amekukataza?" Njuguna akacheka na kuendelea kuandika. Mimi niliona anavyoandika neno moja na kulifuta, neno lilelile, mara nne.

Nilijaribu kujitoa. Nilimfuata Kioko kwenye ngazi nikamwambia wachague mtu mwingine, kichwa changu hakiwezi. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwiitu wa kwitu, ukijitoa leo watauliza ni nini umeona. Kaa tu. Wewe huna mtu." Aliamini hivyo. Na mimi nilijua nina watu watatu. Nikitaja tiki moja nimempa Njuguna, na watasema ni kwa sababu nalala kwao. Nikitaja mtoano nimempa Kioko, na watasema Wakamba. Nikitaja ligi nimempa Achieng, na hakuna atakayesema neno, kwa sababu kila mtu alijua kwamba simpendi. Juu ya hayo ligi ilikuwa na hoja: yeye hakuna aliyemweka wa mwisho, hata mmoja. Hoja hiyo niliirudia njiani, dukani, nikipanga ratiba za mazishi ya watu. Nilikuwa ninaiamini. Ninaiamini hata sasa. Lakini sijawahi kujua kama niliichagua ligi kwa kuwa ndiyo haki, au kwa kuwa ndiyo njia ambayo mimi singelaumiwa, na ninajua kwamba mtu mwenye moyo safi hangehitaji kujiuliza.

Tarehe tisa nikapanda ngazi na karatasi mpya, nyeupe. Nilisimama mbele ya ubao nikaieleza ligi kwa mfano wa mpira, mikono nimeitia mifukoni. Nikauliza kama kuna anayepinga. Waliinua mikono kukubali, mmojammoja, na wa Njuguna ulikuwa wa mwisho. Kisha wakaandika, wakakunja, wakatia kwenye kikapu cha karatasi taka. Safari hii hakuna aliyecheka. Nilizisoma kwa sauti na mpwa wa mwenye saiba akaandika ubaoni, na kila karatasi niliyoifungua niliijua. Nilikuwa nimeomba, kweli niliomba, kwamba watu wawe wamebadilika, hata wawili tu. Sita. Watano. Wanne.

Mpwa akapiga hesabu za ligi, akapigia jina la Achieng mstari. Kioko akasimama. Naye nitamtendea haki, hakuwa na hasira, alikuwa na akili tu, na akili yake ilikuwa imefika mahali.

"Njuguna ana sita. Mimi tano. Achieng nne," akasema. "Kwa hivyo mstari mfupi umeshinda tena."

Wazee wa mlolongo wakaguna. Achieng akasema kwamba kama kuna shaka yeye haitaki kazi hiyo, na alisema akimaanisha. Kioko akamwambia akae, si yeye anayeulizwa. Akanigeukia mimi, na mara ya kwanza hakuniita binti wa kwetu.

"Mwende. Zile za majaribio, ulizihesabu kabla ya kuchagua?"

Nilisikia mashine ya kukata karatasi kule chini dukani, ikishuka na kupanda. Nilimtazama Kioko kwa sababu sikuweza kutazama dirishani, ambako Njuguna alikuwa amesimama.

"Sikuzihesabu," nikasema. "Nilizichoma."

La pili lilikuwa kweli. Nimeishi miaka yote hii nikiegemea neno hilo la pili. Nikasubiri sauti kutoka dirishani. Ilikuja. Njuguna alisema kwamba sheria ilikuja kwanza na kura zikafuata, kwamba mikono yote iliinuka, na wake ukiwamo, na kwamba Achieng ameshinda, kwa hiyo tuendelee na kazi maana bado kuna maneno mia mbili. Akaketi mbele ya kompyuta yake. Kioko akakubali kwa kichwa, akaja akanishika mkono, akaniomba msamaha kwa kuniuliza. Nikaupokea msamaha ule.

Achieng aliuongoza Mradi vizuri, sitasema vingine. Programu ilikamilika chini yake, na mimi mwenyewe alinipa kazi ya kusoma prufu ya maneno yote, jina langu likaandikwa. Ile ofisi ya Kilimani haikumwita Njuguna. Siwezi kusema ni kwa ajili ya kura sita, pengine wasingemwita vyovyote. Alikuja kufundisha kompyuta katika chuo kidogo na wanafunzi wake walijaa pale kwenye maziko, wanalia. Niliishi kwenye ploti ile miaka mingine minne na hatukulitaja jambo lile. Kama angenitisha nalo, au hata angenilaumu siku moja tu, ningekuwa na mahali pa kutokea. Alikuwa mwema kwangu, na mimi nilikaa ndani ya wema ule kama mtu aliyefungiwa kwa nje. Sijui pia kama alinyamaza kwa ajili yangu au kwa ajili yake, maana kama angesema, angelazimika kukiri kwamba naye aliisoma ile kadi. Hadi alipofariki nilikuwa bado nadhani kuna siku nitamuuliza.

Jioni ile ya uchaguzi tulirudi Waithaka pamoja. Mama yake alikuwa ameshatandika meza kitambaa cha wageni, na alituona usoni kabla hatujaketi. Akauliza ni nani. Njuguna akasema ni yule dada wa Kilimani, tena kwa haki. Mama akanitazama mimi, akauliza kwa Kiswahili, ili nisiwe na pa kujificha, "Na wewe Mwende ulimpigia nani?"

"Sikupiga kura, Mama. Mimi nilihesabu tu."

"Ulihesabu tu," akasema, akachukua mwiko.

Alikuwa amechinja kuku tangu asubuhi, jogoo mwekundu, akijua ni wa kusherehekea, na kuku akishachinjwa hawezi kurudishwa. Akampakulia mwanawe paja, akanipakulia mimi paja la pili, mchuzi wenye viazi na dania, na chapati zilizokunjwa mara nne kwenye sahani iliyofunikwa. Njuguna aliomba, akamshukuru Mungu kwa chakula na kwa mikono iliyokipika. Tukala kuku wote akaisha, mpaka shingo.